Uso wa Kabla

Hakuwa daktari. Hilo lisemwe mapema, maana mtaa mzima ulimwita hivyo na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu hata mmoja. Alikuwa muuzaji katika duka la vipodozi, mama wa watoto wawili waliokwisha kuondoka nyumbani, umri wake miaka hamsini na mitatu, miguu yake ikivimba kila ifikapo saa kumi jioni. Na alikuwa na koti jeupe. Koti ndilo lililompa udaktari. Mwenye duka alilinunua kwenye duka la nguo za kazi, upande wa makoti ya wauza nyama, na mfuko wake wa ndani bado ulikuwa na kitanzi cha kuning'inizia kisu. Lakini nani anakagua mfuko wa ndani? Mteja akiingia aliona weupe, akaona kalamu mbili kifuani, akaona uso usio na mkunjo hata mmoja, na papo hapo akaanza kueleza shida zake kwa sauti ya chini kama aliyefika hospitali.

Uso huo ulikuwa mtaji wa duka. Watu walimkadiria miaka thelathini na minane, na wenye kujipendekeza zaidi walishuka mpaka thelathini na miwili. Aliupata kwa mama yake, kama wengine wanavyorithi pua au hasira, na kuutunza alitumia mafuta ya mgando, kopo la kawaida kabisa, kwa sababu krimu zenye manukato zilimpigisha chafya. Hayo hayakusemwa dukani. Mteja akimuuliza, "Na wewe Daktari, unatumia ipi?" alitupa jicho kwenye rafu, akaona ipi imekaa siku nyingi bila kuguswa, akainyooshea kidole.

"Hii. Siwezi kulala bila hii."

Mwenye duka mtaani walimwita Bwana Ofa. Alikuwa ameuza vigae, kisha chaja za simu, kisha magodoro yaliyosemwa kwamba yanatibu mgongo, mpaka wenye migongo wakaanza kuyarudisha. Ndipo akahamia kwenye ngozi, na hakuwahi kujuta.

"Godoro likibonyea mtu atakuletea mlangoni," alimwambia Daktari siku alipomwajiri. "Uso ukibonyea atamletea nani? Atasema ni Mungu."

Ijumaa moja Bwana Ofa aliingia na maboksi matano. Ndani yake zilikuwa chupa ndogo za glasi, zile zenye kifuniko cha mpira cha kunyonyea na kudondoshea matone, zimepewa namba kuanzia moja hadi nne. Ya kwanza maji yake yalikuwa meupe, ya pili bluu kama wino, ya tatu haikuwa na rangi, ya nne ilivutia umanjano.

"Hizi zina peptidi," alisema. "Watu wanaziona kwenye simu zao kila siku. Mpaka Jumatatu uwe umezijua."

"Peptidi ni nini, bosi?"

"Si ndiyo nakwambia uzijue."

Daktari aliisoma karatasi iliyokuja na chupa. Herufi zake zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, na maneno yake yalikuwa ya kutafuna siku nzima bila kumeza. Basi mchana, dukani kukiwa kumetulia, akavua koti lake, akapitia mlango wa nyuma, akaingia duka la dawa la jirani. Alilivua makusudi. Mle ndani kulikuwa na mfamasia wa kweli, binti wa miaka ishirini na minane, cheti chake kikiwa ukutani, ndala miguuni, na kwa sababu feni yao ilikuwa imekufa hakuvaa koti la aina yoyote.

"Karibu, shangazi," alisema yule binti.

Neno shangazi lilimchoma. Alizoea dada. Lakini shida haichagui, akaweka chupa nne mezani na kusema kwamba kuna mteja msumbufu anataka maelezo marefu.

Mfamasia alizigeuza geuza, akasoma karatasi kwa muda wa kumeza kidonge.

"Protini unaijua, shangazi?"

"Ya mayai."

"Ya mayai, ya kucha, ya nywele, ya ngozi yako hiyo. Ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vidogo. Sasa ukichukua kipisi kifupi cha mnyororo, vipande vitatu, vitano, kumi hivi, hicho ndicho peptidi. Hakuna cha ajabu. Kinachotofautisha ni kipisi gani na kinakwenda kufanya nini."

Akaisukuma mbele chupa ya kwanza. Ngozi, alieleza, inashikiliwa na protini iitwayo kolajeni, ndiyo inayoizuia isilegee. Kolajeni ikivunjika inaacha vipisi vyake, na ngozi ikivihisi vipisi hivyo inajua kwamba pamebomoka mahali, inaanza kujenga upya. Peptidi ya chupa ya kwanza imetengenezwa ifanane na vipisi hivyo.

"Kwa hiyo hakuna kilichobomoka?"

"Hakuna kipya kilichobomoka. Ngozi inapewa taarifa tu, inaamka inajenga."

"Inadanganywa."

"Kwa nia njema, tuseme."

Hapo Daktari alitabasamu. Kwa mara ya kwanza maishani sayansi ilimwingia bila kusukumwa, kwa kuwa ilikuwa inaeleza kazi yake mwenyewe.

Chupa ya bluu ilikuwa na madini ya shaba. Mwili unahitaji shaba kidogo ili kujenga na kuponya ngozi, na peptidi yake ni mchukuzi tu, inabeba mzigo na kuufikisha. "Hii usimwambie mtu aipake pamoja na vitamini C kwa mara moja," alionya mfamasia. "Zinaharibiana. Moja asubuhi, nyingine jioni." Ya tatu ilikuwa ya mishipa ya fahamu. Kila mtu anapokunja uso, neva inautumia msuli ujumbe kwamba jikunje, na hii inajaribu kuupunguza ujumbe huo ili msuli usikazane sana. Ya nne ilitokana na mchele na soya. Ndani ya ngozi kuna vimeng'enya vinavyoila kolajeni, na jua kali linaviongeza, basi peptidi hii kazi yake ni kuvizuia visile kwa pupa.

Daktari aliandika yote nyuma ya boksi la dawa lililo tupu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:

"Na zinafanya kazi?"

"Nyingine, kidogo, kwa baadhi ya watu, baada ya miezi miwili au mitatu. Ngozi ni ukuta, shangazi, kazi yake ni kuzuia vitu visiingie. Ndiyo maana hii ya kwanza wameifunga kimkia cha mafuta ipate kupenya. Hiyo ya tatu, mpaka ifike kwenye neva, ni safari. Sisemi ni bure. Inaweza kulainisha kidogo. Lakini anayejikinga na jua kila siku amezishinda zote nne."

Kalamu ya Daktari ilikuwa imeshafungwa. Maneno hayo ya mwisho hayakuandikwa popote.

Jumatatu alikuwa tayari. Alizipanga chupa mbele yake kwenye kaunta, akashika ya kwanza kwa vidole viwili, na hotuba ikatoka kama aliyeisomea miaka saba. Ya kwanza inaiamsha ngozi, ya pili inailisha, ya tatu inailegeza, ya nne inailinda. Ukichukua moja ukaacha tatu ni kama kununua kiatu kimoja. Mwalimu wa chekechea aliyeingia kutafuta sabuni alitoka na zote nne. Karani wa benki alichukua zote nne zake na zote nne za dada yake. Msusi wa saluni ya mkabala, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, alipakwa na yeye asijue. Na wote, bila ubaguzi, waliuziwa juu yake krimu ya vitamini C, ya kupaka hapo hapo.

"Nitaona lini mabadiliko, Daktari?" aliuliza mwalimu wa chekechea alipopita wiki iliyofuata.

"Umepaka siku ngapi?"

"Sita."

"Ngozi yako ni ya woga," alisema Daktari kwa upole. "Ya woga huchelewa."

Mwalimu akaondoka akiwa na aibu kwa ajili ya ngozi yake.

Mwezi wa pili mauzo yalianza kupooza, kwa sababu walionunua walikuwa wamerudi kwenye vioo vyao na kuona uso ule ule. Bwana Ofa akaja na wazo. Alitaka bango kubwa la dirishani, lenye picha mbili: kushoto uso kabla ya peptidi, kulia uso baada yake. Kulia angekuwa Daktari, hilo halikuwa na mjadala. Tatizo lilikuwa kushoto.

Mpiga picha hakupenda mwanga wa dukani, basi Jumapili walikwenda kumpigia Daktari nyumbani, kibarazani. Daktari aliishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na tisa, ambaye kwa miaka arobaini alishona sare za shule na mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina zaidi ya Fundi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akingojea zamu yake ya upasuaji, lakini bado alikaa kibarazani na nguo ya kurekebisha, akipitisha uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Bwana Ofa alipomwona alisimama kama aliyeokota fedha.

Walifanana kama chapa mbili za mhuri mmoja. Nyusi zile zile, kidevu kile kile, kitone cheusi chini ya jicho la kushoto, vyote. Isipokuwa uso wa Fundi ulikuwa umejaa: mistari ya pembeni mwa macho iliyotawanyika mpaka karibu na masikio, na ile ya mdomoni, mifupi, iliyosimama wima kuuzunguka mdomo wote.

"Bibi, na wewe nikupige moja?" aliuliza mpiga picha.

Fundi alifurahi. Aliomba dakika moja, akaingia ndani, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akarudi akaweka kola sawa kwa vidole, na Daktari akamnyooshea ya nyuma. Miaka mingi ilikuwa imepita hajapigwa picha isipokuwa ya kitambulisho.

"Utanisafishia na mimi nakala yangu?"

"Kubwa, bibi," alisema mpiga picha, na hiyo peke yake ndiyo kweli iliyosemwa siku hiyo.

Daktari alielewa. Asije akasema mtu kwamba hakuelewa. Jioni ile Bwana Ofa alimvuta pembeni ya geti, na Daktari ndiye aliyeanza.

"Bosi, yule ni mama yangu."

"Ndiyo maana. Ningeweka mtu baki ingekuwa uongo. Hii ni familia moja, ngozi moja. Na bibi macho hayaoni, na mtaa wa duka letu hapiti. Nani atamwambia?" Kisha akaongeza, akitazama miguu ya Daktari iliyokuwa imefura juu ya viatu, "Nafungua duka la pili. Nataka msimamizi. Msimamizi anakaa. Ana meza, ana kiti cha kuzunguka."

Daktari alikuwa amesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na moja. Aliwaza kile kiti. Alikiona kwa rangi yake. Akasema atafikiria, na kesho yake hakusema kitu, na kutosema kwake Bwana Ofa akakuchukulia kuwa jibu, kama Daktari alivyojua atafanya.

Bango lilitundikwa, refu kama mlango. KABLA, liliandikwa juu ya uso wa Fundi. BAADA YA WIKI KUMI NA MBILI, juu ya uso wa Daktari. Duka lilifurika. Watu waliokuwa wameanza kushuku walirudi kununua tena, kwa kuwa sasa walikuwa wameona kwa macho yao. Daktari alipoulizwa, "Kweli ulikuwa hivi?" alijifunza kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu asiyependa kukumbushwa alikotoka. Hakuwa amesema ndiyo. Alijihesabia hilo kuwa ni uaminifu.

Mwezi uliofuata zamu ya Fundi ilifika. Alipasuliwa jicho la kwanza, kisha la pili, na Daktari alimhudumia vizuri, hilo tumpe: alimtia dawa ya matone mara nne kwa siku, alimkataza kuinama, alimpikia. Lakini bibi alipotolewa bandeji alishikwa na njaa ya kuona. Alisoma makopo ya jikoni, akasoma kalenda, akasoma maandishi ya ndani ya kola za nguo. Siku ya kwenda kukaguliwa macho kliniki alikataa kurudi kwa gari. Alisema atatembea, tena kwa njia ndefu, asome vibao vya maduka.

Daktari alikuwa na foleni ya watu saba alipoona kivuli kwenye dirisha, nyuma ya bango, kimesimama bila kusogea. Kilikaa pale muda mrefu. Alikijua kwa mabega yake. Aliendelea kuhesabu matone ya chupa ya bluu kwenye kiganja cha mteja, na alipofika tone la tisa mteja akamwambia yatosha.

Fundi aliingia. Hakuja moja kwa moja kwenye kaunta. Alishika foleni, mkoba wake mikononi, miwani ya jua ya kliniki ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso. Msusi aliyekuwa mbele yake aligeuka, akamtazama, akatazama dirishani, akamtazama tena. Akamgusa wa mbele yake. Taratibu foleni yote ikawa imegeuka, na bila mtu kuambiwa kitu wakampisha bibi mpaka mbele.

"Shikamoo, Mama," alisema Daktari.

"Marahaba, Daktari."

Mama yake hakuwahi kumwita hivyo.

"Nimesoma pale nje kwamba nina ugonjwa na dawa yake iko hapa," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya kuulizia vifungo dukani. "Nionyeshe. Nataka kujua kila moja inafanya nini. Usinifiche, mimi si mteja."

Pengine angekuwa mtu mwingine, ile hotuba ingetoka. Daktari aliifungulia mdomo, na haikuja. Alijaribu kusema inaamsha, inalisha, akajikuta anayasema ya mfamasia, moja baada ya jingine, mpaka yale ambayo hakuyaandika.

"Hii ya kwanza inaifanya ngozi idhani imevunjika, ijenge. Kidogo. Inachukua miezi. Hii ya bluu inabeba shaba." Akaiweka kando. "Haifai kupakwa pamoja na vitamini C."

"Ulituuzia pamoja," alisema karani wa benki kutoka nyuma.

"Niliwauzia pamoja."

"Endelea," alisema Fundi.

"Ya nne inazuia vitu vinavyoila kolajeni. Ya tatu hii inapunguza ujumbe wa neva, ili misuli isikunje uso."

"Kwa hiyo ningekuwa naipaka zamani, nisingeweza kubana pini mdomoni?"

"Ungeweza tu, Mama. Haifiki huko ndani sana."

Mtu alicheka, akanyamaza haraka. Fundi alijigusa mdomo, kwenye ile mistari mifupi.

"Maana makunyanzi haya ni ya pini. Miaka arobaini nilizibana hapa, sita sita, mikono ikiwa kwenye kitambaa. Na haya ya machoni ni ya kutunga uzi, taa ilikuwa mbovu na fundi wa umeme alikuwa ghali. Wewe ulikuwa shuleni. Sikudai, ni kazi yangu na niliipenda. Lakini mwanangu, umechukua uso wangu ukauandikia 'Kabla'. Kabla ya nini? Kati ya uso huu na huo wako kuna miaka ishirini na sita. Hakuna wiki kumi na mbili hapo. Ngoja tu, utaupata na wewe, bila kununua."

Daktari alitoka nyuma ya kaunta, akapanda kwenye ngazi ndogo ya kupangia bidhaa, miguu yake ikiwa imefura, akaanza kubandua bango. Gundi ilikuwa imeshika. Alibandua kwa kucha, watu wakimtazama, na hakuna aliyemsaidia, ikiwa ni haki yao.

Bwana Ofa alitoka stoo katikati ya kazi hiyo. Kwa sifa yake tuseme hakupoteza muda kwa kuona haya. Alimtazama Fundi, akawatazama wateja, akafumba na kufumbua akawa na wazo jipya.

"Tazameni hii ngozi," alisema, akimnyooshea mkono bibi kama anayenadi kochi. "Miaka sabini na tisa. Inang'aa. Bibi, waambie unapaka nini."

"Mafuta ya mgando," alisema Fundi. "Hata huyu. Kopo moja, tunachota wote."

Ndipo Daktari, akiwa juu ya ngazi, alipoona kitu kilichomkata maini kuliko hasira yoyote. Watu wawili katika foleni, watu wazima wenye akili zao, waliokuwa wamesikia kila neno, waligeukia rafu na kuanza kutafuta mafuta ya mgando. Na Bwana Ofa alikuwa ameshaanza kuuliza kama wangependa yaliyochanganywa na peptidi.

Fundi aliomba mkasi. Alilitandaza bango sakafuni, akapiga magoti akisahau makatazo ya kliniki, akalikata katikati kwa mstari ulionyooka ambao mkono wake haukuwa umeusahau. Kisha akakata lile neno la juu, akaliacha pale chini. Uso wake akaukunja, akautia kwapani.

"Niliahidiwa nakala," alisema, akatoka.

Nyumbani kulikuwa na siku tisa za ukimya. Haukuwa ukimya wa kununa, Fundi hakuwa na tabia hiyo. Alisalimu, alikula, aliosha sahani yake. Ila hakuuliza kitu, na kwa mtu aliyezoea kuulizwa "leo umeuza?" kila jioni kwa miaka kumi na moja, hiyo ilitosha. Siku ya kumi Daktari alikaa karibu naye kibarazani, akasema alilokuwa akilizunguka.

"Nilijua, Mama. Nilijua tangu siku ile ya picha."

"Najua ulijua. Ulinisimamia ukaniwekea kola vizuri nyuma. Nilidhani ni mapenzi."

"Yalikuwa mapenzi."

"Basi yalikuwa na kazi mbili," alisema Fundi, na akamnyooshea suruali iliyokuwa mapajani mwake. "Shika hapa nikate."

Wakaendelea na suruali.

Kazini mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Baadhi ya wateja walirudisha chupa zao, Bwana Ofa akakataa kuzipokea akisema zimefunguliwa, wakagombana wiki mbili, kisha wakachoka. Hakumfukuza Daktari. Alimwambia tu kwamba kile cheo cha msimamizi kimepata mtu mwingine, mpwa wake, kijana wa kiume mwenye chunusi, na kwamba bango jipya litakuwa na picha kutoka nje ya nchi ambako mama za watu hawapiti. Daktari aliandika barua ya kuacha kazi kwa mistari mitatu. Koti alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha limekunjwa, kwa kuwa mtu mwingine angelihitaji.

Mfamasia alimchukua kwenye duka la dawa, upande wa vipodozi vichache walivyonavyo. Alimwekea sharti moja, kwamba asipojua kitu aseme hajui. Wiki ya kwanza neno "sijui" lilimtoka kwa shida, kama mfupa. Wiki ya tatu alianza kulipenda. Linapumzisha. Binti yule bado alimwita shangazi, na sasa lilipita bila kuchoma.

Mwezi uliopita aliingia mama mmoja mwenye mkoba mzuri, akitaka peptidi, zote nne, amesikia zinafanya maajabu. Daktari alimketisha. Alimweleza ipi inatoa taarifa, ipi inabeba, ipi inatuliza msuli, ipi inazuia uharibifu. Alimuuliza anafanya kazi gani, akasikia ni msimamizi wa ujenzi, yuko juani kutwa nzima, na hajawahi kupaka kinga ya jua. Alimshauri aanze na hiyo, na kama bado ana hamu, achukue chupa ya kwanza peke yake, aipe miezi mitatu, asitarajie kuzaliwa upya. Nusu saa nzima alieleza, bila kutia chumvi hata chembe, na mfamasia kule nyuma aliacha kuhesabu vidonge akawa anasikiliza.

Yule mama alishukuru kwa heshima zote. Alisema amefaidika sana. Kisha akavuka mlango, akageuka kulia, akaingia duka la Bwana Ofa, na baada ya dakika nne akatoka na zote nne na krimu ya vitamini C juu yake.